Mjazo wa jozi: kwa nini unavuja, na mengine mliyouliza

Idi ikikaribia, barua za mikate na biskuti huongezeka. Safari hii nyingi zimeulizia jozi, za kukunjia ndani ya mkate mtamu au kufungia ndani ya biskuti. Kwanza tuelewane majina, maana dukani huchanganywa. Jozi ni ile yenye ganda gumu la mviringo; ukilipasua, kiini chake kina mikunjo kama ubongo. Lozi ni nyembamba, imechongoka upande mmoja, ina ngozi ya kahawia. Na kungu za ule mti wa ufukweni ni kitu kingine kabisa. Mjazo tunaoueleza hapa ni wa jozi.

Assalaam alaykum. Nimepika mkate wa kukunja wenye jozi mara tatu. Kila mara mjazo unatoka pembeni na kuungua kwenye sinia, na nikikata mkate nakuta pango, unga umeachana na mjazo. Natia jozi za kusaga vikombe 3, sukari vikombe 2, na maziwa ya kukadiria. Nakosea wapi?
*Msomaji, Makorora*

Waalaykum salaam, dada. Tatizo la kwanza ni sukari. Vikombe 2 ni kama gramu 400, wakati jozi zako hazifiki hata gramu 350. Sukari ikipata joto huyeyuka kwenye unyevu wa maziwa ikawa shira, na shira hutafuta njia ya kutoka. Tatizo la pili ni hilo neno "kukadiria". Katika mjazo huu maziwa hupimwa.

Kwa unga wa ngano gramu 500, unaotoa mikate miwili, tumia jozi za kusaga gramu 400, sukari gramu 150, maziwa mililita 150, siagi gramu 30, chenga za mkate mkavu gramu 40, ute wa yai 1, mdalasini kijiko 1 cha chai, iliki nusu kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na ganda la chungwa 1 lililoparuzwa, ile sehemu ya rangi tu. Weupe wa chini yake ni mchungu. Chungwa la Muheza linafaa sana hapa, na hata iliki na mdalasini wa Amani huna haja ya kuvitafuta mbali.

Chemsha maziwa, sukari, siagi na chumvi. Yakianza tu kutokota, mimina jozi, punguza moto, koroga dakika 2 hadi 3. Sasa buruza mwiko chini ya sufuria, kutoka ukingo hadi ukingo. Njia iliyoachwa na mwiko ibaki wazi ukihesabu moja, mbili, tatu, ndipo ijifunge polepole. Ikijifunga papo hapo, mjazo bado mwepesi, endelea kukoroga. Isipojifunga kabisa na ukaona mafuta yanang'aa pembeni, umeukausha mno; rudishia maziwa kijiko kimoja kimoja mpaka ushikamane. Epua, tia chenga za mkate, viungo na ganda la chungwa. Chenga hizo ndizo zitakazonyonya unyevu utakaotoka baadaye ndani ya oveni, kwa hiyo usiziache ukidhani ni za kuongeza wingi.

Kisha subiri upoe. Hapa ndipo wengi hukosa subira. Kwa joto la Tanga sufuria iliyofunikwa inaweza kukaa saa nzima na zaidi bado ina uvuguvugu katikati. Utandaze kwenye sinia. Mjazo wenye joto huyeyusha siagi iliyo ndani ya unga, unga ukalegea na kuchanika unapoukunja. Ukishapoa kabisa, changanya ute wa yai uliopigwa kidogo. Ute huganda kwa joto la oveni na kuushika mjazo mahali pake.

Kuhusu pango, lina sababu mbili. Ya kwanza ni kuumuka kupita kiasi baada ya kukunja. Mapishi mengi ya mikate hii yametoka nchi za baridi, na huagiza mkate uumuke mara ya pili kwa saa nzima. Kwetu dakika 20 hadi 25 zinatosha. Ukiugusa kwa kidole, alama irudi polepole. Ya pili ni mvuke uliokosa pa kutokea. Wahungari, ambao mkate wao wa jozi wa Krismasi huitwa beigli, huutoboa kabla ya kuoka. Nawe fanya hivyo: chukua kijiti cha mshikaki, toboa juu kila baada ya sentimita 4, kijiti kipite tabaka zote.

Kila donge lisukume liwe kama sentimita 30 kwa 35, unene wa milimita 4. Paka mjazo sawasawa, ukiacha sentimita 2 kila ukingo. Kunja kwa kubana kiasi, bila kuvuta. Bana ncha mbili na uzikunjie chini, na mshono nao ulale chini. Oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 35 hadi 40. Kama unaokea kwa mkaa, moto mwingi ukae juu na kidogo chini, kwa sababu tone moja la shira likifika kwenye sinia yenye moto mkali, mkate wote utanuka kuungua.

Jozi zangu zina uchungu. Nizitupe?
*Msomaji, Chumbageni*

Inategemea ni uchungu gani. Tafuna moja polepole. Ukisikia ukakasi, ulimi na ufizi vinakauka kama umekula embe changa, hiyo ni ngozi ya jozi na inatibika. Zitie kwenye maji yanayochemka kwa dakika 1, mwaga maji (yatakuwa ya kahawia), zikaushe ndani ya oveni kwa nyuzi 160 kwa dakika 10 hadi 12, kisha zisugue zikiwa bado moto kwa kitambaa kikavu chenye mikwaruzo. Ngozi nyingi itatoka. Usihangaike na iliyojificha kwenye mikunjo. Kidogo hicho ndicho kinachofanya jozi iwe jozi.

Lakini ukinusa harufu ya rangi ya mbao, au ya mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, na ladha ikabaki kooni, jozi hizo zimechacha. Zaidi ya nusu ya uzito wa jozi ni mafuta, tena ya aina inayoharibika upesi kwa joto, mwanga na hewa. Mti wake unahitaji majira ya baridi, haustawi pwani, kwa hiyo kila jozi inayofika Tanga imesafiri na kukaa ghalani. Hapo hakuna iliki wala sukari itakayoficha. Zitupe. Na ukiona ukungu au vumbi la kijani, usijaribu hata kuzikaanga, kwani sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni.

Ukinunua, omba kuonja moja kabla ya kupimiwa. Muuzaji mwenye mali nzuri hatakatalia.

Bei ya jozi imenishinda. Naweza kutumia korosho?
*Mama wa watoto watatu, Pongwe*

Unaweza, mama, na mkate utakuwa mzuri. Ila usibadilishe gramu kwa gramu ukaacha mengine yalivyo. Korosho ni tamu zaidi na ina wanga mwingi kuliko jozi, hivyo ikikutana na maziwa ya moto mjazo huwa mzito upesi. Kwa korosho gramu 400, shusha sukari hadi gramu 110 na chenga za mkate hadi gramu 20. Maziwa yabaki mililita 150. Nunua zile zilizovunjika, ni nafuu na hata hivyo unazisaga. Ziwe hazina chumvi wala hazijakaangwa kwa mafuta. Zikaange kavu kwanza, moto mdogo, mpaka zianze kunukia na kushika rangi hafifu ya dhahabu.

Korosho tupu hupooza kidogo, kwani hazina ule uchungu mdogo wa jozi unaoukata utamu. Ongeza ganda la chungwa liwe la machungwa 2. Kwa maoni yetu bora zaidi ni nusu kwa nusu, jozi gramu 200 na korosho gramu 200: gharama inapungua na ladha ya jozi haipotei.

Nikisaga kwenye brenda zinakuwa uji wa mafuta.
*Msomaji, Ngamiani*

Umezisaga zikiwa na joto, au mfululizo. Baada ya kuzikausha ziache zipoe kabisa, chukua vijiko 2 vya sukari kutoka kwenye kipimo chako uchanganye nazo, kisha bonyeza na kuachia, bonyeza na kuachia. Simama zikiwa kama mchanga mkubwa. Kinu na mchi hufanya kazi nzuri kuliko brenda, mradi utwange konzi moja moja. Uji huo usiutupe, upake kwenye mkate.

Mjazo huohuo unafaa kwa biskuti za maamul na sambusa tamu?
*Msomaji, Pangani*

Hapana, huo una maziwa. Maamul, biskuti za Idi za Syria na Lebanoni, hutaka mjazo mkavu usiopikwa: jozi gramu 200 zilizokatwakatwa ndogo, sukari gramu 60, mdalasini nusu kijiko cha chai, na arki ya waridi kijiko 1 cha chakula. Ukibana kwenye kiganja ushikane, ukiugusa uvunjike. Weka gramu 10 ndani ya donge la gramu 25.

Kwa sambusa tumia huohuo, sukari ishuke hadi gramu 40, na funga pembe za manda kwa gundi nzito ya unga na maji. Sukari ikipenya ndani ya mafuta huungua, na kila sambusa inayofuata hutoka na madoa meusi.

Nauza mikate hii. Mjazo unakaa muda gani?
*Msomaji, Raskazone*

Ukiwa bado hujatia ute wa yai, siku 3 kwenye friji ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, au miezi 2 kwenye friza. Gawanya kwa vipimo vya mkate mmoja mmoja kabla ya kugandisha, uutoe usiku ukaushushe kwenye friji. Ute utie siku ya kuoka. Jozi ambazo hazijasagwa nazo zikae friza, wala si kabatini karibu na jiko.

Na kwenye kila pakiti andika wazi kwamba ndani mna jozi, au korosho kama umechanganya. Wako watu ambao kipande kidogo tu huwavimbisha koo, na mjazo uliosagwa hautambuliki kwa macho. Kama ubao na kisu kilekile unakatia keki za kawaida, vioshe kwa sabuni kabla ya kuzigusa.