Kung'oa tangi la dizeli lililofukiwa uani

Mkuu, hilo tangi la dizeli la jenereta ulilokuta limefukiwa nyuma ya nyumba uliyonunua Mbezi Beach, usimpe mtu wa skrepa hata akikwambia atalitoa bure yeye achukue chuma. Jirani yangu Mikocheni alifanya hivyo, jamaa wakaja na grenda wakaanza kukata mle mle shimoni, cheche zinaruka na chini kuna tope la dizeli kama vidole vinne hivi, mi nilitoka kibarazani nikaenda kukaa ng'ambo ya barabara. Tangi "tupu" ndo baya zaidi, ule mvuke uliobaki ndani ukipata moto unalipuka.

Tafuta fundi anayejua matangi, wale wanaojenga vituo vya mafuta wanaziweza hizi kazi, na kabla hujatoa advansi muulize hilo tope atalipeleka wapi. Akijiumauma achana nae. Hiyo ni taka hatarishi, anayeibeba anatakiwa awe na kibali, NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, ndo wa kuwauliza, usikubali imwagwe mtaroni. Halafu kwenye mkataba andikeni nani anafukia shimo, maana wengi wakishapakia chuma hutawaona tena. Udongo ukiwa mweusi na unanuka dizeli usifukie kwanza, hasa kama una kisima hapo.

Ah, na fanya kabla ya masika, tangi likishanyonywa halafu shimo likajaa maji linaelea lenyewe, na sakafu ya juu linaipasua.