"Simu inayotengenezeka na mtumiaji": je, ni sahihi?

Swali: Ninaandika makala kuhusu simu za Fairphone, ambazo mwenye simu anaweza kuzifungua na kubadilisha vipuri mwenyewe. Niliandika "simu inayotengenezwa na mtumiaji". Mhariri alisema hapo mtumiaji amegeuzwa kiwanda, akaandika "inayotengenezeka na mtumiaji". Je, amepatia? Na programu zake niziite za bure, huru au huria?

Jibu: Mhariri wako ameona tatizo la kweli, lakini sahihisho lake nalo lina kasoro.

Kitenzi "kutengeneza" kina maana mbili: kuunda kitu ambacho hakikuwapo, na kukirudisha katika hali nzuri kilichoharibika. Kimetokana na "tengenea", yaani kuwa sawa, kukaa katika utaratibu wake, kwa hiyo maana ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na asili. Hata hivyo, msomaji akikuta "Fairphone inatengenezwa nchini China" ataelewa kwamba inaundwa huko, na "inayotengenezwa na mtumiaji" ataisoma kwa mkondo huohuo. Nomino zimekwisha kutenganisha mambo haya: "gharama za utengenezaji" huzihesabu mwenye kiwanda, ilhali "gharama za matengenezo" hutoka mfukoni mwa mwenye simu.

Sasa tuitazame "inayotengenezeka". Kauli ya kutendeka hueleza hali ya kitu, au uwezekano wa jambo, pasipo kumtaja mtenda. Tunasema "kikombe kimevunjika". Tukitaka kumtaja mtoto aliyekivunja, tunahamia kauli ya kutendwa na kusema "kimevunjwa na mtoto". Ni kweli kwamba siku hizi husikika sentensi kama "kazi hii inafanyika na watu wawili", lakini katika maandishi makini ningeiepuka. Kinachokaa vizuri pamoja na kauli hii ni ala, namna au mahali: simu inafunguka kwa bisibisi, inatengenezeka kwa urahisi, inatengenezeka nyumbani. Angalia pia njeo, yaani wakati wa kitenzi, kwa kuwa "imetengenezeka" ni habari kwamba imekwisha kupona, na "inatengenezeka" ni kwamba yamkini itapona.

Fundi simu anapoigeuzageuza simu yako mezani kisha akasema "hii haitengenezeki", sarufi yake haina dosari hata kidogo, ila haijasema haitengenezeki kwa nani: kwa yeye asiye na kipuri, au kwa mtu yeyote duniani. Katika makala yako jambo lenyewe ni nani anayetengeneza, na kauli inayomficha mtu huyo haikufai. Andika "simu ambayo mtumiaji anaweza kuitengeneza mwenyewe". Ni ndefu zaidi, lakini haina utata. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu betri nayo inamtaja mtu huyo waziwazi, kwani inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziwe zile ambazo mtumiaji, isipokuwa katika hali chache, anaweza kuzitoa na kuzibadilisha. Kwa kichwa cha habari, "simu inayotengenezeka bila fundi" inatosha. Kisha onyesha kwa vitendo: kwenye Fairphone 5, iliyotoka mwaka 2023, mfuniko wa nyuma unabanduka kwa ukucha, betri inatoka kwa vidole, na kioo kimeshikiliwa kwa skrubu badala ya gundi. "Kukarabati" si kosa, ingawa mimi huliona likizoea zaidi majengo na barabara.

Kuhusu programu, chagua "huria", yaani ambazo msimbo wake (maandishi yanayoziunda) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, kama katika "soko huria" na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. "Za bure" inazungumzia bei tu, na zipo programu nyingi za bure ambazo msimbo wake umefungwa kabisa. "Huru" si kosa, lakini hutumika zaidi kwa mtu au nchi isiyotawaliwa. Usiandike tu "simu huria", kwa maana hata PinePhone, iliyobuniwa kwa ajili ya mifumo ya Linux, ina modemu (kijenzi kinachoiunganisha simu na mtandao) yenye programu ya ndani iliyofungwa. Na Fairphone huuzwa ikiwa na Android, ambayo kiini chake ni huria lakini programu za Google zinazokuja nayo si huria. Kwa hiyo "simu inayokubali mfumo huria" ndiyo itakayosema kweli, kwani mwenye Fairphone anaweza kuuondoa mfumo huo wa Android uliokuja nayo na kuweka mwingine, kama vile /e/OS.