Dinamo yako haijafa: taa ya mbele kuwaka na kuzima na ya nyuma kuungua ni ugonjwa mmoja

Mkuu, usitoe hela ya dinamo nyingine kwanza. Umesema umefunga dinamo ya kusugua tairi, ile inayofua umeme wa taa kwa kuzungushwa na tairi, kwenye baiskeli yako ya Phoenix, ipo gurudumu la nyuma upande wa kushoto. Taa ya mbele inazima na kuwaka kila ukipita shimo, balbu ya nyuma imeungua mara mbili ndani ya wiki, na fundi amekwambia dinamo imekufa. Dinamo iliyokufa haiunguzi balbu. Yako inafua umeme vizuri tu, na hayo matatizo mawili yana chanzo kimoja.

Nimesambaza maziwa kwa baiskeli miaka tisa. Natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na lita 40 kwenye keria, barabara ya vumbi, malori ya mizigo yanapita kasi. Dinamo nimefunga kwenye baiskeli zangu tatu na za majirani wengi, na karibu kila iliyonishinda siku ya kwanza ilinishinda kwa sababu hii nitakayoieleza.

Chukua balbu zako usome maandishi kwenye kitako. Ya mbele iwe volti 6 wati 2.4, ya nyuma volti 6 wati 0.6. Jumla wati 3, ambazo ndizo dinamo imetengenezewa. Kwa hiyo ya mbele inakula ampea 0.4 na ya nyuma 0.1. Sasa shika hili: dinamo haina tabia ya betri. Betri hutoa kile taa inachoomba. Dinamo ikishapata mwendo husukuma kama nusu ampea, na volti zinapanda zenyewe ili nusu ampea hiyo ipate pa kupita. Taa ya mbele ikikatika, mzigo wote unahamia kwenye kile kibalbu cha nyuma kilichozoea moja ya tano yake. Kinang'aa sana, kisha kinakwisha.

Niliwahi kuliona kwa macho yangu. Nilikuwa nashuka mteremko, balbu ya mbele ikaungua. Nikageuka nyuma kwa sababu niliona majani ya kando ya barabara yamemulikwa wekundu mkali ambao sijawahi kuuona, kisha giza. Sekunde mbili, pengine tatu. Nyuma yangu kulikuwa na lori. Niliingiza baiskeli kwenye nyasi na madumu yote, nikakaa pale mpaka likapita. Tangu siku hiyo nabeba balbu za akiba, mbele na nyuma, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya kopo.

Kwako balbu ya mbele haijaungua, ila inakatika kila shimo. Kila inapokatika, ya nyuma inapigwa rungu. Ndiyo maana inakufa yeye wakati mgonjwa ni mwenzake.

Kwa nini ya mbele inakatika? Kwa sababu umefunga waya mmoja kwa kila taa, kama karatasi ya kwenye boksi inavyoonyesha. Umeme unakwenda kwa waya na unarudi kwa chuma cha baiskeli. Fuata njia yake ya kurudi: kutoka mwili wa taa uingie kwenye kishikio chake, uingie kwenye stea, kisha upite kwenye gololi za stea ndipo ufike kwenye fremu na kurudi kwenye dinamo. Zile gololi zimezama kwenye grisi na zinacheza. Ukipita shimo zinaruka, njia inakatika. Dinamo ingekuwa kwenye foku ya mbele, taa ya mbele ingetulia na ya nyuma ndiyo ingesumbuka.

Halafu kuna skrubu. Kwenye kishikio cha dinamo utaona skrubu ndogo yenye ncha kali. Wengi hudhani ni ya kukaza tu. Kazi yake ni kutoboa rangi ya fremu ifike kwenye chuma. Ifungue uangalie ncha yake na alama iliyoacha. Ukiona doa la rangi nyeusi iliyobonyea lakini chuma hakijang'aa, skrubu haijawahi kugusa kitu. Rangi za hizi baiskeli za chuma ni nene na ngumu, nimewahi kukwangua kwa kisu dakika tano ndipo chuma kikaonekana. Kwangua, kaza mpaka ncha iume, kisha paka grisi kidogo juu yake kuzuia kutu. Na taa ya nyuma, ikiwa imefungwa kwenye madigadi, ujue madigadi nayo inashikwa na bolti zilizoota kutu na ni njia ya kurudi mbovu kuliko zote. Ikiwa madigadi ni ya plastiki, hakuna njia kabisa.

Mimi niliacha kuamini chuma. Natumia waya wa pacha, ule wa spika, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, mita tatu zinatosha na kubaki. Mwekundu unatoka pale kwenye dinamo panapofungwa waya, mweusi unabanwa chini ya bolti ya kishikio cha dinamo baada ya kukwangua rangi. Kila taa inapata nyaya zake mbili. Mweusi unafungwa kwenye mwili wa taa, chini ya nati yake. Usizipitishe taa kwa foleni, moja baada ya nyingine; kila moja ijitegemee kutoka kwenye dinamo. Na kwa kuwa dinamo hii inatoa umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, balbu za kawaida hazijali rangi ipi imekwenda wapi. Rangi zinakusaidia wewe usichanganye nyekundu na nyeusi ukapiga shoti.

Kufunga waya kwenye fremu, kata vipande vya tyubu kuukuu upana wa kidole, zungusha vikaze. Vinashika kuliko kamba za plastiki ambazo jua letu linazikausha zikakatika. Mbele, karibu na stea, acha kitanzi cha kutosha. Kata usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto, uone kama waya unavutwa. Uuweke mbali na vyuma vya breki, maana Phoenix breki zake ni fimbo na zikitembea zinasaga ganda la waya taratibu bila wewe kujua. Kwenye dinamo, waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kuingia, ili maji ya mvua yadondoke pale chini yasifuate waya ndani. Ncha za waya zisokote vizuri, na ukiweza zichomelee kwa risasi.

Ukishamaliza nyaya, angalia dinamo ilivyokaa. Mstari wa urefu wake unapaswa kuelekea katikati ya ekseli. Mimi huweka spoku kuukuu sambamba na mwili wa dinamo na kuangalia ncha yake inaelekea wapi. Ikipinda kando, kichwa chake kinachogusa tairi kinaburuzika badala ya kuviringika, utasikia mlio wa kukwaruza na tairi litalika ubavuni. Kichwa kiguse ule ukanda wenye michirizi ubavuni mwa tairi. Rimu ikiwa imepinda, nyoosha kwanza, la sivyo taa itapumua kila mzunguko. Ikizimwa, dinamo ibaki mbali na tairi kama sentimita moja. Na bolti ya kishikio tia washa ya springi, uikaze kwa spana. Dinamo ikilegea ikaingia kwenye spoku ukiwa kwenye mwendo, inaangusha mtu. Hiyo ndiyo sababu napenda ikae nyuma kama ulivyoiweka wewe, kwa sababu gurudumu la mbele likikwama ghafla unarushwa juu ya usukani.

Umeuliza pia kama unaweza kuweka taa ya LED ya tochi. Moja kwa moja, hapana. LED inataka umeme wa upande mmoja, hivyo lazima uweke daraja la dayodi nne (vidude vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) katikati, na dayodi zenyewe hula zaidi ya volti moja. Kuna taa za LED zilizotengenezwa kwa dinamo ya volti 6, zina daraja hilo ndani, na nyingine zinabaki zinawaka dakika chache ukisimama. Ukizipata, nunua. Balbu ya dinamo inazima ukisimama, na kusimama gizani katikati ya barabara ndiyo hatari kubwa ya mfumo huu. Ya LED ya pikipiki ya volti 12 iache. Na ya nyuma, hata ukiwa na taa nzuri, bandika kiakisi chekundu, hakihitaji waya.

Kabla ya kupanda, pima hivi. Weka balbu mpya ya nyuma, ya wati 0.6 na si nyingine yoyote, kisha chomoa waya kwenye dinamo. Panga betri nne kubwa za tochi kwa mstari, hiyo ni volti 6. Mwekundu upande mmoja, mweusi upande wa pili. Taa zote mbili ziwake, huku mwenzako akitikisa usukani na kugonga madigadi kwa ngumi. Zikiyumba, tatizo lipo kwenye waya au kwenye kikalio cha balbu. Sugua vile vibati vya ndani kwa msasa. Zikitulia, rudisha waya kwenye dinamo, geuza baiskeli miguu juu, zungusha pedeli kwa mkono. Zikiwaka hapo, panda upite kwenye lile shimo lako.