Kujua mbinu za matangazo hakukuzuii kununua

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu aliyesoma masoko chuoni, anayejua kila ujanja wa tangazo, bado anabeba sabuni ileile inayotajwa redioni kutwa. Mimi nimefanya kazi kwenye gari la matangazo hapa Moshi, maneno naandika na kurekodi mwenyewe, kwa hiyo najibu nikiwa upande wa spika.

Wengi mnadhani tangazo linataka kukushawishi. Ingekuwa hivyo, ukishaujua ujanja wake biashara imekwisha. Lakini tulipozunguka Majengo, Pasua, Soweto mpaka Kiboriloni, bosi hakuwahi kuuliza kama watu wameamini. Aliuliza tumepita mara ngapi. Hata mama wa ndizi aliyetutukana kwa kelele, jina la duka lilishamwingia. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alilionyesha hilo mwaka 1968: kitu ambacho mtu amekiona mara nyingi, hata neno lisilo na maana, huanza kumpendeza kuliko asichowahi kukiona. Hapo hakuna hoja ya kubishana nayo. Huo usomi wako utaupinga kwa lipi?

Halafu tazama unautumia lini. Kijiweni unachambua tangazo vizuri tu. Ila hununulii kijiweni. Unanunua jioni pale sokoni Mbuyuni, manyunyu yanaanza, umechoka, mbele yako kuna miche ya sabuni ya kila aina. Mkono unakwenda kwenye jina ulilolizoea, na moyoni unasema "hii ndiyo nzuri". Ulikolisikia hukukumbuki kabisa, unaona umechagua mwenyewe. Sisi tulilipwa kwa ajili ya dakika hiyo.

Mwaka 1983 mwanasosholojia W. Phillips Davison wa Marekani aliandika kwamba watu huona vyombo vya habari vinawaathiri wengine kuliko wao wenyewe. Wasomi, msinune. Dereva wetu alikuwa akicheka kila nikilitangazia duka moja "leo ndiyo mwisho wa ofa", maana na jana ilikuwa mwisho. Jumamosi akaomba tusimame kwenye duka hilohilo, achukue viatu vya mwanawe kabla havijaisha.

Kinachonisaidia kidogo ni kuamua nikiwa nyumbani: naandika ninachohitaji na kiasi cha pesa, na dukani nalinganisha bei na uzito wa pakiti, siangalii picha. Kwenye sabuni ya unga na mafuta ya kula inafanya kazi. Kwenye dawa ya meno nimenyoosha mikono, watoto wanaitaka ya kwenye tivii.