Jibu: Kamusi kwanza, kanyagio baadaye

Habari dada. Umeuliza uanze kununua nini, kamusi ya tiba au kanyagio la mguu (la kusimamisha na kurudisha sauti huku mikono ikiandika), maana unaanza kunukuu rekodi za sauti za madaktari hapo Mbarara na mfuko haujakaa vizuri.

Anza na kamusi. Dorland's au Stedman's, yoyote. Hata ya mtumba, anatomia haijabadilika. Majina ya dawa ndiyo hubadilika, hayo yatafute kwenye Uganda Clinical Guidelines ya Wizara ya Afya, unaipakua bure. Mimi niliwahi kuandika "ilium" daktari akisema "ileum". Sikioni ni kitu kilekile, ila moja ni mfupa wa nyonga, jingine ni sehemu ya utumbo mwembamba, na mgonjwa alilalamikia tumbo! Ripoti ilirudishwa siku hiyohiyo. Siku hizi nasikiliza sentensi nzima kwanza.

Kanyagio lisubiri. oTranscribe, programu ya kunukuu sauti kwenye kivinjari, ni ya bure: Esc inasimamisha, F1 inarudisha nyuma, na sauti ya mgonjwa haitoki kwenye kompyuta yako. Pesa hiyo nunulia hedifoni za kufunika sikio lote, bodaboda hazina huruma.

Halafu muulize mteja anataka tahajia ipi, mfano umio: "oesophagus" ya Uingereza au "esophagus" ya Marekani?