Ulimi mkubwa, mguu mmoja mnene, kipimo cha damu hakionyeshi kitu

SWALI: Binti yetu ana miezi mitano. Alizaliwa na kilo 4.7, sukari ikashuka siku mbili za mwanzo. Ulimi haumtoshi mdomoni, na mguu wa kulia ni mnene na mrefu kidogo kuliko wa kushoto. Daktari alitaja sindromu ya Beckwith-Wiedemann (hali ya mwili au viungo kukua kupita kiasi), lakini kipimo cha vinasaba cha damu hakikuonyesha kitu. Nyumbani wanasema tuachane na hospitali. Wifi anadai nimemrithisha mimi. — Mama Z., Tanga

JIBU: Msiache hospitali, Mama Z. Kwa mwafaka wa wataalamu wa 2018 kuhusu sindromu hii, dalili kuu hupewa pointi 2, ndogo pointi 1. Mwanao ana ulimi 2, mguu 2, uzito wa kuzaliwa 1, sukari kushuka kwa muda 1: jumla 6. Zikifika 4, ugonjwa umethibitika hata maabara ikinyamaza.

Na maabara hunyamaza kwa sababu. Jeni (vinasaba) chache hubeba chapa ya kikemia inayoamua kama itumike nakala ya baba au ya mama. Kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 11, jeni ya IGF2 inayokuza mwili hutumika ile ya baba. CDKN1C inayozuia ukuaji, ile ya mama. Chapa zikikosewa mara baada ya mimba kutungwa, kosa hubaki kwenye baadhi ya seli tu. Upande mmoja kuzidi mwingine ni dalili ya hilo hasa. Seli za damu zinaweza kuwa nzima huku za mguuni zina kosa. Ombeni sampuli ya ndani ya shavu. Akifanyiwa upasuaji wa ulimi, nyama iliyokatwa ipimwe pia.

Dai la wifi lina ukweli mdogo sana. Ipo aina ya kurithi, jeni ya CDKN1C yenyewe ikiharibika, ila hiyo kwa kawaida haileti mguu mmoja mnene.

La haraka ni ultrasaundi ya tumbo zima, figo na ini, kila miezi 3 hadi atimize miaka 7. Watoto hawa wako kwenye hatari zaidi ya saratani ya figo iitwayo Wilms na ya ini. Msiruke hata kama mtoto anacheza vizuri: uvimbe wa Wilms hukua haraka bila maumivu. Mkiona tumbo limejaa upande mmoja au damu kwenye mkojo, nendeni siku hiyohiyo, na msiliminyeminye.

Akikoroma na pumzi kukatika usingizini, aonwe na daktari wa masikio, pua na koo mapema. Vinginevyo ulimi, ikibidi, hupunguzwa mtoto akishatimiza mwaka mmoja. Miguu ipimwe kila mwaka. Tofauti isiyofika sentimita 2 hutosha kuinuliwa kwa soli ya kiatu.