Cheti kilikuwa ukutani, tani tatu zikabaki kwenye friji

Karibu kila Januari kijana mmoja au wawili hunifuata na swali lile lile: "Kaka, nisome Kijerumani au Kifaransa?" Wengi wametoka chuo kule Malimbe, digrii ya biashara mkononi, na wamesikia kwamba lugha ya Ulaya inafungua milango. Huwa nawauliza swali moja tu: unataka nani akulipe? Wengi wananitazama kama nimewatukana.

Niwape kisa changu, halafu mtaelewa kwa nini nauliza hivyo.

Niliajiriwa kama karani wa nyaraka kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Kazi yenyewe ni karatasi mtindo mmoja: ankara, vyeti vya afya ya samaki, orodha ya maboksi, barua pepe za wanunuzi. Kwa kuwa mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Mjerumani, nikajibana nikasoma Kijerumani, jioni kwa mwalimu wa mtaani na usiku kwenye intaneti. Nikapanda basi, zaidi ya kilomita 1,100 hadi Dar es Salaam, nikafanya mtihani wa Goethe, taasisi ya Wajerumani ya kufundisha lugha yao, nikarudi na B1, ngazi ya tatu kati ya sita. Nikakilaminisha cheti, nikakitundika juu ya meza yangu. Bosi alikuwa akiwaonyesha wageni.

Jumanne moja jioni yule mnunuzi akaandika kwamba oda ya wiki ni ile ya siku zote. Chini akaongeza mstari mmoja: *Eventuell nehmen wir weitere drei Tonnen.* Kuhusu drei Tonnen sikuwa na wasiwasi, tani tatu. Weitere, zaidi. Nehmen wir, tunachukua. Hilo eventuell likanijia kama "eventually" ya Kiingereza cha sekondari, yaani hatimaye. Nikamwendea bosi mbio: "Wanachukua tani tatu zaidi!"

Tani tatu za minofu zinataka sangara mzima zaidi ya tani sita. Bosi akashika simu, mawakala wa Ukerewe wakaamshwa, samaki akanunuliwa kwa bei ya mwenye haraka, barafu ikaongezwa, akina mama wa kukata minofu wakabaki zamu ya usiku. Alhamisi nikatuma ankara. Jibu likaja na sentensi mbili, moja ikianza na *leider*, yaani kwa bahati mbaya. Hawakuwa wameagiza.

Eventuell ni "labda". Tena ni labda ya mtu anayeangalia pembeni. Kifaransa nacho kina mwenzake, éventuellement, na maana ni hiyo hiyo. Minofu ya kupanda ndege haikai kumsubiri mteja abadili mawazo, kwa hiyo ikagandishwa, na iliyogandishwa bei yake iko chini. Bosi hakunifukuza. Alikuja tu mezani kwangu, akakitazama kile cheti kwa muda, akaondoka bila kusema neno. Jioni ile nilikitoa ukutani mwenyewe.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja, na watu wa kozi hawaupendi. Lugha ya kiwango cha juu haipimwi kwa kujieleza vizuri. Inapimwa pale mtu anapokukatalia kwa adabu, anapokuahidi nusu nusu, na pale wewe unapodai pesa yako. Kujitambulisha, kuagiza chai, kusifia hali ya hewa, hayo ni ya ngazi za mwanzo, A1 na A2, na mteja atakusamehe ukikosea. Kwenye labda hakuna anayekusamehe.

Sisi wenyewe tunajua mchezo huu. Mtu wa Mwanza akikwambia "nakuja" huku anaondoka, unajua hatarudi leo. Fundi akisema "njoo kesho", unajua ni ipi kesho ya kweli na ipi ya kukufukuza. Hukufundishwa darasani, uliumizwa mara kadhaa ukajua. Kila lugha ina milango yake ya nyuma, na wafanyabiashara wa Ulaya wanaiweka kwenye maandishi kabisa. Kwenye ofa ya Kijerumani ukiona *freibleibend*, maana yake bei hiyo haimfungi, anaweza kuibadilisha kabla hamjakubaliana. Kwenye barua ya Kifaransa ukiona *sous réserve de*, simama hapo, kwa sababu kinachofuata ndicho sharti linaloweza kuivunja oda nzima.

Mimi nina daftari la kaunta lenye maneno ya aina hiyo peke yake. Limefika kurasa kama arobaini. Sijawahi kuona kitabu cha kozi kilichonipa hata robo yake.

Somo la pili lilinipata kwenye malalamiko. Mzigo mmoja ulifika joto likiwa limepanda, na mnunuzi akaandika mistari miwili mikavu: bidhaa imefika ikiwa na joto kupita kiasi, *bitte um Stellungnahme*. Hakuna habari za nyumbani, hakuna "natumaini u mzima". Nilikasirika. Nikamwandikia ukurasa mzima wa kuomba radhi, nikataja urafiki wetu wa miaka mingi, nikamtaja hadi Mungu. Akajibu tena mistari miwili ile ile. Ndipo mwalimu wangu akaniambia, mzee, huyu hakugombezi. Stellungnahme ni maelezo: nini kilitokea, saa ngapi, nani alishika mzigo. Tulikuwa na karatasi za kipimajoto tangu lori linatoka kiwandani hadi uwanja wa ndege Nairobi. Nikazituma na sentensi nne. Kesi ikaisha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo usipeleke Usukumani ile adabu isiyo ya huko, wala usipeleke Hamburg adabu ya kwetu. Wao nao wana shikamoo yao, ila wameiweka kwenye neno la "wewe": *Sie* badala ya *du* kwa Mjerumani, *vous* badala ya *tu* kwa Mfaransa. Usimwite mteja du mpaka mwenyewe, mkubwa kwa umri au cheo, akupendekezee. Na Mfaransa, ambaye mdomoni anaweza kuwa mkavu, kwenye kufunga barua anakupigia magoti: *Veuillez agréer, Madame, Monsieur, l'expression de mes salutations distinguées.* Usijaribu kuitafsiri. Ikariri kama ulivyokariri jedwali la kuzidisha.

Kuhusu pesa. Siku moja mnunuzi alilipa pungufu ya euro 360 kwenye ankara ya euro 18,000, na ofisi nzima ikasema tumeibiwa. Hatukuibiwa. Kwenye masharti ya ununuzi, kwa maandishi madogo, palikuwa na neno *Skonto*: asilimia 2 punguzo kwa atakayelipa ndani ya siku 10, vinginevyo siku 30 bila punguzo. Alilipa siku ya tisa. Mimi ndiye niliyesaini kwamba nimesoma.

Tarakimu nazo zina mtego. Mjerumani akiandika 1.250 kg ni kilo elfu moja mia mbili na hamsini, na 3,5 ni tatu na nusu. Nukta na mkato vimebadilishana viti. Akitamka 95 anaanza na tano: tano-na-tisini. Kwenye simu, andika baada ya yeye kumaliza, si anapoanza.

Na kingine ambacho wahitimu wa menejimenti hukidharau: chini kabisa ya barua ya kampuni ya Kijerumani aina ya GmbH, kama Ltd yetu, sheria yao inataka paandikwe makao ya kampuni, namba ya usajili na majina ya *Geschäftsführer*, yaani wakurugenzi wake. Huyo ndiye mwenye mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kampuni. Aliyekuandikia anaweza kujiita meneja wa hiki na kile, na akawa karani kama mimi. Kwenye SARL, kampuni ya aina hiyo hiyo ya Wafaransa na ya Wakongo, mwenye nguvu hiyo anaitwa *gérant*. Kabla ya mkataba, tafuta jina hilo kwanza.

Nimetaja Wakongo kwa makusudi. Vijana wakisikia lugha ya Ulaya, macho yanaruka moja kwa moja Paris na Berlin, wakati Kifaransa cha biashara kinashuka kwenye malori pale Mwaloni, Kirumba. Nenda siku ya mnada wa dagaa uone. Nilikuwa pale na dada mmoja kutoka Goma, amekaa juu ya gunia, anapunguza bei kwa Kiswahili kitamu cha kwao hadi muuzaji anacheka mwenyewe. Walipokubaliana akafungua mkoba, akatoa karatasi. Yote Kifaransa: *bon de commande*, yaani hati ya oda, namba ya RCCM, ya usajili wa kampuni yake, na mstari unaosema malipo ya mwisho yatafanyika *sous réserve de* mzigo kukaguliwa ukifika. Muuzaji wetu alikuwa tayari ameshika kalamu. Alikuwa anasaini kitu ambacho kinywani hakikusemwa.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na sheria zake za kampuni zinafuata OHADA, ule mfumo wa sheria za biashara wa nchi 17 za Afrika, nyingi zikiwa za Kifaransa. Mtu wa Mwanza anayeweza kusoma mkataba wa namna hiyo na kuandika barua ya kudai deni, kwanza *relance* ya upole, baadaye *mise en demeure* yenye meno, hana haja ya viza ya kwenda popote. Kazi inamfuata ziwani. Ukiniuliza leo nichague moja, kwa kijana asiye na mteja bado, nasema Kifaransa. Ukiwa kwenye minofu au utalii wa Wajerumani, hapo ni Kijerumani. Usisome zote mbili kwa pamoja. B2 moja inakulisha kuliko A2 tatu.

Mitihani, kwa haraka. Ngazi za A1 hadi C2 ni za Baraza la Ulaya, zilitoka mwaka 2001, na kila lugha kubwa ya huko inazifuata. DELF na DALF, vyeti vya Kifaransa, havina tarehe ya kuisha. Mtihani wa Goethe wa B2 una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, kila moja unatakiwa upate alama 60 kati ya 100, na ukianguka moja unaweza kurudia hiyo peke yake. Mimi nilianguka kusikiliza. Chemba ya biashara ya Paris nayo ina diploma ya Kifaransa cha biashara, lakini ukiikimbilia kabla ya B1 utachoma hela bure. (Hela yenyewe ni Kijerumani, kutoka sarafu yao ya Heller, shule pia. Hatuanzi na mfuko mtupu.)

Kusikiliza nilikuponya hivi. Asubuhi nilisikiliza taarifa ya habari ya Deutsche Welle kwa Kiswahili, nikielekea kazini kwenye daladala. Mchana nikasikiliza habari zao za Kijerumani zinazosomwa polepole. Habari nyingi zinafanana, kwa hiyo nilishajua nani kafanya nini, na sikio likabaki na kazi ya kukamata maneno tu. Kwa Kifaransa RFI ina Kiswahili na Kifaransa pia, fanya vivyo hivyo. Miezi sita, bila kuruka siku.

Kuandika, omba ofisini barua za zamani. Zile za ugomvi hasa, za madai na visingizio. Ficha majina, zinakili kwa mkono, halafu siku ya pili jaribu kuliandika jibu kabla hujasoma lililotumwa. Mimi nilipata faili zima kabatini, limeliwa na mende pembeni, nikalirudia mara mbili.

Yule dada wa Goma bado tunawasiliana, namsomea karatasi za huku naye ananisahihishia Kifaransa. Juzi nilimtumia sauti nikiwa nimejiandaa kweli kweli, nikasema gunia *quatre-vingt-quinze*, yaani tisini na tano, kama redioni. Akacheka mpaka simu ikakata. "Kwetu ni *nonante-cinq*, ndugu. Hiyo yako ya Paris, mbaki nayo huko." Nikaiandika kwenye daftari, ukurasa wa arobaini na moja.